Nasuri: Uliza kuhusu misuli kabla ya kisu

Kuna ugonjwa ambao mtu humficha hata mkewe. Huweka kitambaa ndani ya chupi, huketi ofisini kwa upande mmoja, na akiulizwa husema ni bawasiri. Msomaji, ikiwa kando ya njia yako ya haja kubwa pana kitundu kinachotoa usaha, kikafunga kwa wiki kadhaa kisha kikafura na kupasuka tena, huenda hiyo si bawasiri. Huenda ni nasuri, ambayo madaktari huiita fistula. (Usiichanganye na ile inayowapata akina mama kwa sababu ya uzazi mgumu.)

Ndani ya njia ya haja, katikati ya misuli, kuna tezi ndogo zinazotoa ute. Moja ikiziba, viini huzaana humo na jipu hutokea. Jipu likishatoa usaha wengine hupona kabisa, lakini wengine wengi hubaki na kijia chembamba kutoka ndani mpaka kwenye ngozi. Kijia hicho hakizibwi na vidonge wala dawa ya kupaka, hata ununue duka zima. Mara chache chanzo huwa ni kifua kikuu au ugonjwa wa matumbo uitwao Crohn, kwa hivyo usishangae ukipimwa hayo pia.

Tiba ni upasuaji, na hapa naomba unisikilize vizuri. Haja huzuiwa na misuli miwili ya mviringo: wa ndani, unaofanya kazi hata ukiwa usingizini, na wa nje, unaoubana mwenyewe ukiwa ndani ya matatu na choo kiko mbali. Nasuri ikipita juujuu, mpasuaji huipasua wazi, kidonda kikajaza nyama kutoka chini, nayo hupona vyema. Lakini ikipenya sehemu kubwa ya misuli, kuipasua hivyo ni kukuondolea usaha na kukuachia balaa jingine: kushindwa kuzuia upepo, au hata kinyesi.

Ndiyo sababu kuna njia za kuihifadhi misuli. Mara nyingi huanzwa na uzi unaopitishwa kijiani na kufungwa bila kukazwa, ili usaha utoke na uvimbe utulie. Wengine hukaa nao kwa miezi. Baadaye mpasuaji anaweza kuvuta kipande cha utando wa ndani na kukishona juu ya tundu la ndani. Au atatumia njia iitwayo LIFT, aliyoieleza Arun Rojanasakul wa Thailand mwaka wa 2007: huingia katikati ya misuli miwili, akakifunga kijia kwa uzi na kukikata hapo hapo, misuli yenyewe isikatwe.

Sitakudanganya. Kwa njia hizi nasuri hurudi mara nyingi zaidi kuliko ikipasuliwa wazi. Kwa LIFT, takriban wagonjwa sita au saba kati ya kumi ndio hupona. Hata hivyo, mimi ningechagua kurudi kitandani mwa mpasuaji mara ya pili kuliko kuvaa nepi nikiwa mtu mzima.

Kabla ya kutia sahihi, muulize: kijia kinapita wapi, na kinagusa misuli kiasi gani? Kama hana uhakika, picha ya MRI itaonyesha. Mama aliyewahi kuchanika akijifungua amweleze mapema, kwani misuli yake huenda tayari ni dhaifu. Na ukipata homa, pamoja na uvimbe wenye maumivu makali, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Hilo ni jipu, nalo halingoji miadi.