Jasho Lina Hesabu Yake
Ratili hupima samaki. Jasho la mwanamichezo hupimwa kwa nini? Naftali Temu, mwana wa Wagusii, watu wa Kisii na Nyamira, alishinda mita 10,000 huko Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Tarehe 17 alipata shaba ya mita 5,000. Tarehe 20, katika marathoni, akawa wa 19. Mwili una kikomo.

Leo wako walimu wa judo wamwulizao mchezaji: kati ya 0 na 10, mazoezi yalikuwa mazito kiasi gani? Jibu huzidishwa kwa dakika: 7 kwa dakika 60 ni 420. Hesabu ikipanda ghafla, mchezaji apumzishwe. Naye asifiche uchovu kwa kuona haya. Ngoma ikilia sana, karibu kupasuka.