Maji Mapya kwa Tone, Usiku na Mchana

Mwenye tangi kubwa la samaki sebuleni anaijua Jumamosi yake. Mpira unavutwa hadi bafuni, ndoo zinapangwa, nusu ya maji inatolewa kwa mkupuo. Tangi la lita 60 ni kazi ya kabla ya chai. Tangi la lita 480 lina lita 240 za kutoa na nyingine 240 za kurudisha, na mwenye nyumba akisafiri au akiugua, samaki hubaki ndani ya uchafu wao wenyewe.

Uchafu huo hauonekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, na bakteria wa kwenye kichujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Mbili za kwanza huua upesi, lakini kichujio kilichokomaa huzimaliza. Naitreti ni sumu ya polepole, na kichujio cha kawaida hakiigusi. Hulimbikizana hadi itoke pamoja na maji. Tuseme inaongezeka miligramu 2 kwa lita kila siku. Anayebadilisha nusu ya maji kila wiki ataiona ikipanda hadi 28, ikiporomoka hadi 14, kisha ikianza kupanda tena. Anayedondosha maji mapya kiasi cha asilimia 10 ya tangi kwa siku ataiona ikitulia kwenye 20.

Utulivu huo ndio faida kubwa ya matone, kuliko hata kuokoa mgongo wa mtu. Wafikirie samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Ziwa lao lina kina cha takriban mita 1,470, na pH ya maji yake hukaa karibu na 9. Samaki aliyeumbika kwa maji yasiyoyumba hana sababu ya kushtuliwa kila Jumamosi.

Kwetu Dar es Salaam nusu ya mtambo tayari iko juu ya paa: simtanki. Unahitaji bomba jembamba kutoka huko, koki, kichujio cha mchanga na tope, kichujio cha mkaa maalumu wa kuondoa klorini, na mwishoni kidondoshi kilekile wanachofunga wakulima wa umwagiliaji wa matone. Kidondoshi cha lita 2 kwa saa huleta lita 48 kwa siku, yaani asilimia 10 kamili ya tangi letu. Usikiamini kwa maandishi tu, kwani vingi vimetengenezwa kwa msukumo mkubwa kuliko wa tangi la paani. Kinga chupa ya nusu lita: ikijaa kwa dakika 15, kipimo ni sahihi. Umeme ukikatika, matone yanaendelea. Na maji ya simtanki yaliyochemka kwa jua la Februari hayadhuru, kwa sababu yanaingia kidogo mno kubadilisha joto la tangi kwa ghafla.

Sehemu ya kuogopa ni ya kutolea. Maji yanayoingia lazima yawe na njia, la sivyo yataishia kwenye zulia. Njia salama ni tundu lililotobolewa juu ya ukuta wa kioo kwa drili ya almasi huku likimwagiwa maji, kabla samaki hawajaingia. Muulize kwanza fundi wa vioo kama kioo hicho kimepashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Cha namna hiyo hupasuka vipande vipande kikiguswa na drili. Weka chujio mdomoni mwa tundu, konokono na majani hupenda kuziba hapo, na ukiweza toboa la pili la akiba. Mdomo wa bomba la kuingizia ukae juu ya usawa wa maji, usizame, ili maji ya samaki yasinyonywe kurudi kwenye mabomba ya nyumba.

Gharama ipo. Kwa wiki utadondosha lita 336 kupata badiliko lilelile la nusu tangi, maana sehemu ya maji mapya hutoka pamoja na ya zamani. Hizo ni lita 96 zaidi ya njia ya ndoo. Nyumba isiyo na mahali pa kuzipeleka, singeishauri ifunge mtambo huu. Yenye migomba au mchicha uani inapata maji yenye mbolea, kwani naitreti ndiyo chakula cha mmea.

Jambo moja wengi hulisahau: baada ya wiki kadhaa, tangi linakuwa na tabia ya maji ya bomba. Kisima chenye chumvi, kama vilivyo vingi karibu na pwani, kitalifanya tangi liwe la chumvi. Pima kwanza maji yako, kisha chagua samaki wanaoyaweza.

Na samaki wakiugua, funga koki kabla ya kutia dawa. Matone yakiendelea, yataipeleka dawa kwenye migomba kabla haijafanya kazi. Siku za matibabu, rudi kwenye ndoo kama dawa yenyewe inavyoelekeza. Dozi ikiisha, badilisha maji mara moja kwa wingi, mbali na bustani, ndipo ufungue koki tena.