Je, Wajua? Lundo la Mpunga Hupimika kwa Kamba

Mpunga uliokauka, ukimwagwa juu ya turubai karibu na mashine za kukoboa za Nyasubi, mjini Kahama, hujikusanya wenyewe katika umbo la pia. Wala umbo hilo si la bahati nasibu, kwani punje zikisha kurundikana hata kufikia mwinamo fulani, haziwezi tena kupandana bali huporomoka, ndiyo maana malundo, makubwa kwa madogo, huwa na mbavu zilizoinama takriban sawasawa.

Ilimu ya hisabati yatufundisha kwamba mjao wa pia ni thuluthi ya mjao wa mche duara wenye kitako na kimo kile kile, jambo ambalo, kwa kauli ya Archimedes, mwanahisabati wa Uyunani ya kale, Democritus ndiye aliyelitaja kwanza, na Eudoxus akalithibitisha. Lakini nani atapima nusu kipenyo cha lundo, hali kitovu chake kimefukiwa na mpunga? Taabu hiyo huondolewa na kamba. Izungushe chini ya lundo upate mzingo. Chomeka ufito mnyoofu kileleni hata uguse turubai, upate kimo. Zidisha mzingo kwa nafsi yake, kisha kwa kimo, na jawabu uligawanye kwa 38, ambayo inakaribia sana 12 mara pai. Bhaskara wa Bara Hindi, katika kitabu chake *Lilavati* cha mwaka 1150, alipima malundo ya nafaka kwa kuzidisha sudusi ya mzingo kwa nafsi yake, kisha kwa kimo, ambayo ni sawa na kugawanya kwa 36. Hesabu nyepesi kichwani, ila huzidisha kidogo.

Basi lundo lenye mzingo wa mita 12 na kimo cha mita 1.4 lina mita za ujazo 5.3, yaani lita 5,300, au madebe 265 ya lita 20. Hesabu hii, naona, yampasa kila mkulima kuwa nayo kabla mnunuzi hajaanza kuchota, maana debe likijazwa hata nafaka ikasimama juu ya mdomo, hicho kilele nacho ni pia: mdomo wa sentimita 30 hubeba kilele cha sentimita 11 hivi, chenye lita 2.6, zaidi ya thumni ya debe zima. Lundo lile lile, likichotwa kwa madebe ya namna hiyo, litaandikwa daftarini kuwa madebe 235 tu.