Umeme wa Kidonda: Jinsi Seli Zinavyohisi Uga wa Umeme na Kusogea

Mwanafunzi wa Wawi anakuna nazi, mkono unateleza, na meno ya mbuzi yanamkata kidole. Damu inaganda, na baada ya siku kadhaa ngozi mpya imeziba pengo. Ukiulizwa ni nini kilichoziongoza seli za ngozi kwenda katikati ya kidonda badala ya kutawanyika ovyo, bila shaka utajibu: kemikali. Umejibu sawa, lakini nusu tu. Nusu ya pili ni umeme, na hapo ndipo watahiniwa wengi huchanganya mambo mawili, yaani kuvutwa na umeme na kuhisi umeme. Tuyatenganishe.

Kwanza, umeme wenyewe unatoka wapi? Hautoki kwenye soketi. Seli za ngozi ya juu hutumia nishati ya ATP kusukuma ioni za sodiamu, zenye chaji chanya, kutoka upande wa nje kwenda ndani. Kwa kuwa seli hizo zimeshikamana barabara, ioni haziwezi kurudi kwa urahisi. Matokeo yake, upande wa ndani wa ngozi huwa chanya ukilinganishwa na uso wa nje, kwa tofauti ya makumi ya milivolti. Ngozi nzima ni kama betri iliyochajiwa lakini haijaunganishwa na kitu.

Ngozi ikikatwa, betri hiyo inapata njia ya mkato. Ioni chanya zinatiririka kutoka kwenye tishu za pembeni kuelekea kwenye kidonda na kutoka nje kupitia hapo. Kumbuka ulichosoma katika Fizikia: mkondo wa umeme huelekea upande wenye potenshali ndogo. Kwa hiyo, kwa seli zilizo ukingoni, kidonda ndicho kathodi. Uga wa umeme unaotokea hapo umepimwa kuwa kati ya milivolti 40 na 200 kwa kila milimita. Wa kwanza kuonyesha kwamba jeraha la ngozi lina mkondo wa umeme alikuwa Emil du Bois-Reymond wa Berlin, katika miaka ya 1840, naye alikipima kidole chake mwenyewe alichokikata kwa makusudi. Wewe usimwige.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Mtahiniwa akisikia maneno "chaji" na "kathodi", akili yake inakimbilia elektrolisisi: ioni chanya huvutwa na kathodi, ioni hasi huvutwa na anodi. Halafu anaandika kwamba seli ya ngozi ina chaji chanya, ndiyo maana imevutwa na kidonda. Jibu hilo si sahihi, na unaweza kulivunja kwa hoja mbili. Uso wa nje wa karibu kila seli ya mnyama una chaji hasi. Kama seli ingekuwa inavutwa tu, ingekwenda anodi, yaani ingekimbia kidonda. Lakini seli za ngozi ya binadamu zikiwekwa kwenye uga wa umeme maabara hutambaa kwenda kathodi. Pili, zipo aina nyingine za seli ambazo katika uga uleule huenda anodi. Vitu vyenye chaji inayofanana vikienda pande tofauti, basi si uga unaovibeba. Seli inahisi uga, kisha inatembea kwa nguvu zake yenyewe. Ukiinyima nishati, au ukizuia nyuzi za protini inazotumia kutambaa, inasimama hata kama umeme bado upo.

Mwendo huu wa seli au kiumbe mzima unaoongozwa na uga wa umeme huitwa galvanotaksi. Uweke katika familia moja na kemotaksi na fototaksi. Usiuchanganye na tropizimu, ambayo ni mmea kukua kuelekea au kukimbia kichocheo bila kuhama mahali pake.

Je, kichocheo hiki ni kikubwa kiasi gani? Chukua uga wa milivolti 100 kwa milimita na seli yenye upana wa milimita 0.02. Tofauti ya volteji kati ya ubavu mmoja wa seli na mwingine ni 100 × 0.02, yaani milivolti 2 tu. Betri kavu ya volti 1.5 inazidi hapo mara 750. Hata hivyo seli inaitambua tofauti hiyo, na mpaka leo wanasayansi hawajamaliza kuafikiana inavyoweza.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Utando wa seli hauruhusu umeme kupita kirahisi, hivyo uga hauingii sana ndani. Unafanya kazi yake kwenye uso wa nje. Katika utando huo zipo protini zenye chaji zinazoelea kama maboya, na uga huzisogeza taratibu zikarundikana upande mmoja. Kwa hiyo kinachosukumwa na umeme ni protini za utandoni, wala si seli nzima. Upande wenye protini nyingi huamsha vimeng'enya vya ndani, nyuzi za aktini zinajengwa hapo, utando unasukumwa mbele, na seli inatambaa. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba seli zikikosa jeni fulani ya kimeng'enya kiitwacho PI3K, mwitikio wao kwa umeme hupungua, na jeraha huchelewa kufunga. Mwendo wenyewe ni wa kobe: mikromita 1 hivi kwa dakika. Piga hesabu: milimita moja itachukua karibu saa 17.

Paramesia anaonyesha jambo hilihili kwa kasi zaidi. Max Verworn wa Ujerumani aliliandika mwaka 1889: ukipitisha mkondo kwenye maji yenye paramesia, wote hugeuka na kuogelea kwenda kathodi. Upande wa mwili unaotazama kathodi huruhusu kalsiamu kuingia, silia za upande huo zinapiga kinyume, na mwili mzima unageuka. Ni usukani, si kamba ya kuvutia.

Swali linalopendwa: kwa nini jaribio hili halifanyiki kwa umeme wa nyumbani, ule uliofika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga? Ukiacha kwamba utakuua, mkondo huo hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Seli haipewi muda wa kujua kathodi iko wapi. Mkondo wa kidonda ni wa mwelekeo mmoja. Tena, maabara hawatumbukizi elektrodi karibu na seli, kwa sababu elektrolisisi itazalisha asidi na besi, na utashindwa kujua kama seli imefuata umeme au imekimbia kemikali. Wanaunganisha kwa daraja la agari yenye chumvi. (Agari hutoka kwenye mwani, ingawa mwani unaolimwa sana Pemba ni wa jamii nyingine, inayotoa karajinani.)

Elimu hii haiishii kwenye ngozi. Wawi ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Damu za wagonjwa wenye homa zilipochunguzwa Pemba mwaka 2009 na 2010, bakteria aliyeonekana mara nyingi zaidi alikuwa Salmonella Typhi, yule wa homa ya matumbo. Utumbo nao, kama ngozi, una umeme wake. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba Salmonella wa aina ya karibu na huyo hufuata umeme wa utumbo hadi kwenye sehemu zilizofunika tishu za kinga, ambapo ni rahisi kupenya, wakati bakteria E. koli huelekea sehemu nyingine. Uga ni uleule, lakini kila mmoja ana njia yake.

Swali la kujipima: Seli A na seli B zote zina chaji hasi usoni. Katika uga wa milivolti 150 kwa milimita, A inakwenda kathodi na B inakwenda anodi. (a) Eleza kwa nini matokeo haya yanapinga wazo kwamba seli huvutwa kama ioni. (b) Kama upana wa A ni milimita 0.01, tafuta tofauti ya volteji kati ya mbavu zake mbili. (c) Mwelekeo wa mkondo ukigeuzwa ghafla, A itafanya nini, na kwa nini haitageuka papo hapo? Katika (c), fikiria muda ambao protini za utandoni zinahitaji kuhama.