Kidonda cha Jino Lililong'olewa
Mkulima wa kahawa wa Iyula, wilayani Mbozi, aliyeng'olewa jino hurejea nyumbani na shimo katika ufizi, na jambo la kwanza atakalo ni kusukutua ladha ya damu. Hapo ndipo kosa huanzia. Damu ile hujaa shimoni, kisha nyuzi za protini iitwayo fibrini huifunga ikawa donge. Donge hilo hufunika mfupa na mishipa ya fahamu, na ndani yake nyama mpya huota.

Kwa hiyo mgonjwa huuma shashi kwa muda wa dakika 30 hivi; tena kwa saa 24 hasukutui, hatemi kwa nguvu, wala hafyonzi kitu kwa mrija. Sigara iachwe siku kadhaa. Kahawa, hata iwe ya Mbozi, na ipoe kwanza. Aspirini, ambayo wengi huikimbilia, hupunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa wengi parasetamoli hufaa zaidi. Siku ya pili ndipo hutumika maji vuguvugu ya chumvi, taratibu.

Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakizidi siku ya tatu, yakafika hata sikioni, yamkini donge limetoka na mfupa u wazi. Mgonjwa arudi kwa daktari bila kukawia.