Tiketi ya shilingi 32,000: nani hulipa kilichobaki?

Mwishoni mwa Novemba 2012 Fastjet ilirusha ndege zake za kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa nauli iliyoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Kwa kiwango cha wakati ule hizo zilikuwa dola 20, nauli iliyokaribiana na ya basi. Watu walimiminika. Kampuni yenyewe ilisema kuwa zaidi ya theluthi ya abiria wake hawakuwahi kupanda ndege maishani. Miaka sita baadaye, Desemba 2018, siku chache kabla ya Krismasi, safari zake nchini Tanzania zilisimama. Ilikuwa imeelemewa na madeni na imebaki na ndege moja. Anayetaka kuelewa usafiri wa ndege wa bei nafuu, faida yake na hatari yake, aanze na hesabu ya ile 32,000.

Ndege walizoanza nazo zilikuwa Airbus A319 zenye viti 156. Tuseme viti vyote vimeuzwa kwa dola 20. Mapato ya safari nzima ni dola 3,120. Sasa mafuta. Dar hadi Mwanza ni mwendo wa saa moja na nusu hivi angani, na ndege ya ukubwa huo hutumia zaidi kidogo ya tani tatu. Bei ya mafuta ya ndege kwenye soko la dunia mwishoni mwa 2012 ilikuwa karibu dola 1,000 kwa tani. Kwa hiyo ndege ikijaa mpaka kiti cha mwisho, nauli yote inaishia kwenye matangi. Rubani hajalipwa, wala gharama ya kukodi ndege, matengenezo, bima na ada za kutua.

Miaka ile mafuta yalikuwa yakichukua karibu theluthi ya gharama za mashirika ya ndege duniani. Tukitumia kipimo hicho, safari moja ya Mwanza iligharimu kama dola 9,000. Zigawe kwa viti 156, kila kiti kinapaswa kuingiza dola 58, yaani shilingi 92,000 hivi. Na hapo ndege imejaa. Ikiondoka na abiria 109, ambao ni asilimia 70 ya viti, kila mmoja anapaswa kulipa wastani wa dola 83, karibu shilingi 132,000. Nauli ya 32,000 basi ilikuwa ya viti vichache vya mwanzo. Waliokata tiketi mapema waliketi jirani na waliokata jana yake kwa bei mara nne au tano, na hao wa pili ndio walioibeba safari.

Hakuna hila katika jambo hilo, mradi abiria analijua. Biashara yote ya bei nafuu husimama juu ya mambo mawili: kila kiti kiwe na mtu, na ndege isikae chini. Southwest ya Texas, iliyoanza kuruka mwaka 1971, ililijifunza hili kwa shida. Fedha zilipopungua mwaka uliofuata iliuza moja ya ndege zake nne, lakini haikupunguza ratiba. Wafanyakazi wakalazimika kushusha abiria, kupakia wengine na kuondoka ndani ya dakika kumi. Mashirika ya bei nafuu yaliyofuata yamejengwa juu ya dakika hizo kumi.

Ryanair ya Ireland imeufikisha mtindo huo kwenye kilele chake. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 ilibeba abiria milioni 200, na asilimia 94 ya viti vyake vilikuwa na watu. Wastani wa nauli ulikuwa euro 46. Lakini kila abiria aliacha pia euro 23 na senti kadhaa kwa mizigo, kuchagua kiti, chakula na mengineyo. Ukiyajumlisha, theluthi ya mapato haikutoka kwenye nauli. Faida iliyobaki baada ya gharama zote ilikuwa kama euro nane kwa abiria. Ndiyo maana begi lako hupimwa kwa ukali vile pale mlangoni: faida ya kampuni imo kwenye begi.

Tukirudi kwetu, swali ni kwa nini nauli za namna hiyo hazidumu. Wengi hulaumu usimamizi mbovu, na mara nyingine ni kweli. Lakini tazama uwanja wenyewe. Ndege ya bei nafuu hutakiwa kuruka saa 11 au 12 kwa siku. Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa Desemba 2012, ulikaa miaka mingi bila taa za kuongozea ndege usiku. Kiwanja kisicho na taa huikatia ndege siku yake ya kazi jioni, huku gharama ya kuikodi ndege hiyo ikiendelea kuhesabika usiku kucha. Mafuta nayo ni ghali zaidi barani Afrika kuliko wastani wa dunia. Abiria ni wachache: Afrika ina karibu asilimia 18 ya watu wote duniani, lakini sehemu yake ya usafiri wa anga ni asilimia mbili na ushei tu. Fastjet yenyewe baadaye iliziacha A319 ikachukua Embraer za viti 104, kwa sababu 156 havikuwa vikijaa.

Halafu kuna tozo, na hapa ndipo ninapoona dhuluma isiyosemwa. Abiria wa safari ya ndani Tanzania hutozwa ada ya huduma ya uwanja ya shilingi 10,000. Kwa mwenye tiketi ya shilingi 300,000 hiyo ni asilimia tatu na kidogo. Kwa aliyekata ya 32,000 ni asilimia 31. Kwa safari za nje ada hiyo ni dola 40. Fastjet ilipopata hatimaye ruhusa ya kuruka Dar hadi Nairobi, Januari 2016, ilitangaza nauli ya dola 80 kabla ya kodi. Ada moja tu ilikuwa nusu ya nauli, kwa safari inayozidi kidogo saa moja. Tozo ya kiwango kimoja kwa kila kichwa humwumiza hasa yule ambaye bei nafuu ilikusudiwa kumfikia.

Je, abiria anafaidika? Inategemea njia. Kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini Tanzania, basi la kawaida hutoza shilingi 48.47 kwa kilomita na la daraja la kati 67.84. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni takriban kilomita 1,150, kwa hiyo nauli ni kama 56,000 au 78,000. Ongeza chakula cha njiani na saa 16 hadi 18 za kukaa kitini. Mtu anayepata tiketi ya ndege kwa shilingi 130,000, tozo zikiwa ndani, anaokoa siku nzima ya kazi na pengine usiku wa gesti. Kwa mgonjwa anayekwenda hospitali ya Muhimbili, Dar, au mama mwenye mtoto mchanga, tofauti hiyo haipimwi kwa shilingi peke yake.

Nairobi hadi Mombasa ni hesabu nyingine. Jambojet ilianza Aprili 2014 kwa nauli kuanzia shilingi za Kenya 2,850. Reli ya SGR ikaja mwaka 2017, na tangu Januari 2024 nauli yake ni 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Treni hutumia saa tano hadi sita. Ndege huruka saa moja, lakini ongeza foleni ya kwenda uwanja wa ndege wa Embakasi, kufika mapema na kusubiri begi, unakaribia saa nne. Unanunua saa mbili tu. Asiye na haraka hana sababu ya kuzinunua.

Kuhusu usalama, hofu ya wengi haina msingi. Ndege ya bei nafuu hukaguliwa na mamlaka zilezile kwa kanuni zilezile, na Ryanair haijapoteza abiria hata mmoja katika ajali tangu miaka ya 1980. Hatari ya kweli iko mfukoni. Anayekata tiketi miezi mitano kabla ili apate bei ya chini anaikopesha kampuni fedha zake, na kampuni hizi hufa ghafla. Nchini Afrika Kusini pekee 1time ilianguka Novemba 2012, Mango ikasimama Julai 2021, na Kulula, iliyoanza mwaka 2001, ikafuata katikati ya 2022. Hatari nyingine ni ya mfanyabiashara anayetoka Mwanza kwenda Dubai kwa tiketi mbili za kampuni mbili. Ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haimsubiri wala hairudishi nauli. Alale Dar usiku mmoja. Gesti ni rahisi kuliko tiketi mpya.

Kwa hiyo nasema: kama tarehe yako haibadiliki, begi lako ni dogo na safari ni ndefu kuliko siku moja ya basi, kata tiketi ya bei nafuu bila wasiwasi, wiki chache kabla wala si miezi mingi. Na kwa wanaopanga tozo, ninaomba ada ya kiwanja iwe sehemu ya nauli badala ya kiasi kimoja kwa wote. Kwa asilimia tano, mwenye tiketi ya shilingi 32,000 angelipa 1,600, na mwenye tiketi ya 300,000 angelipa 15,000.