Kikundi cha Paukwa na Jaribio la Sanaa za Maonyesho katika Tanzania

Mtambaji wa hadithi aitapo "Paukwa!", haendelei mpaka waliomzunguka wamemwitika "Pakawa!" Maneno hayo mawili si sehemu ya hadithi, ni mapatano yanayoitangulia. Aitaye huomba ruhusa, nao waitikao hukubali kushiriki. Kwa hiyo kikundi kidogo cha sanaa za maonyesho kilichoundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilipojiita Paukwa, kilitangaza nia yake kwa neno moja tu: kwamba tamthilia irudi mahali ambapo hadhira ina sauti.

Uzito wa nia hiyo hauonekani mpaka itazamwe hali iliyotangulia. Kabla ya uhuru kumbi za maigizo mjini zilikuwa hasa za Wazungu, kama ule wa Dar es Salaam Players, chama kilichoanzishwa mwaka 1947. Tamthilia za Kiswahili zilizopigwa chapa zilikuwa chache, nazo zilizaliwa zaidi mashuleni. Mfano ni Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, iliyotoka mwaka 1957. Baada ya uhuru Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika Mara, alifasiri Julius Caezar (1963) na Mabepari wa Venisi (1969), akathibitisha ya kuwa Kiswahili chaweza kuyabeba mawazo mazito ya Shakespeare. Hiyo ilikuwa faida kubwa kwa lugha. Hata hivyo umbo la onyesho halikubadilika: waigizaji walibaki upande mmoja, watazamaji upande wa pili, na baina yao pazia.

Aliyelikabili swali la umbo kwa makini ni Ebrahim Hussein. Baada ya Kinjeketile (1969) aliandika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, ambamo sanaa ya mtambaji ndiyo nguzo ya mchezo. Penina Muhando naye aliutumia utambaji katika Lina Ubani (1984). Lakini kazi hizo, pamoja na ubora wake, zilikuwa za mtu mmoja mmoja, nazo ziliandikwa kabla ya kuchezwa. Hatua nyingine ilipigwa mwaka 1982 ilipotoka Harakati za Ukombozi, iliyoandikwa kwa ushirikiano na Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya.

Paukwa, ambacho kiini chake kilikuwa walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, kiliendeleza njia hiyo ya ushirikiano. Tamthilia yake ya Ayubu ilichapishwa mwaka 1984 kwa jina la kikundi, wala si la mtunzi mmoja. Kwa mwanafunzi wa fasihi jambo hili si dogo. Hadithi ya kimapokeo haina mwenyewe. Kila fanani huipokea, huiongezea, kisha huipitisha kwa mwingine. Tamthilia ya kitabu, kinyume chake, ina jina la mtunzi katika jalada, na mchezaji hutakiwa kuyafuata maneno yake. Kuandika jina la kikundi mahali pa jina la mtu ni kuupeleka mwendo wa fasihi simulizi ndani ya kitabu.

Fikra hiyo hiyo iliyavuka mazingira ya mjini. Katika miaka ya 1982 na 1983 Eberhard Chambulikazi, Amandina Lihamba na Penina Muhando walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, katika nchi ya Wasukuma. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kutungwa. Kwanza walizungumza na watu juu ya matatizo yao. Kisha wanakijiji, hasa vijana, walitunga maonyesho kwa ngoma, nyimbo na maigizo. Na baada ya kuonyesha, waliohudhuria walijadiliana juu ya waliyoyaona. Miongoni mwa mambo yaliyotokea ni mimba za wasichana wa shule na hali ya vijana wasio na kazi. Penina Muhando, ambaye sasa alijulikana kwa jina la Mlama, aliieleza njia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Baadaye, tangu mwaka 1996, iliingizwa katika shule za sekondari kwa mradi wa Tuseme, ili wasichana wayataje wenyewe yanayowazuia kusoma. Yafaa kuangaliwa jina lenyewe: ni kitenzi katika hali ya kuhimizana, nacho, kama "Paukwa", hakikamiliki pasipo wa kuitika.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wa lugha hawana budi kulipima. Mwito wa Paukwa ni wa Kiswahili. Je, jibu lake lazima liwe la Kiswahili? Mfano mzuri ni Sirari, mji wa mpakani katika Tarime, unaotazamana na Isebania ya Kenya. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili ni lugha ya soko, shule na ofisi. Lakini wimbo unaoandamana na iritungu, zeze la nyuzi nane, huimbwa kwa Kikurya, na humo ndimo yalimo mafumbo, sifa na makaripio ambayo wazee huyaheshimu. Maonyesho ya Kiswahili sanifu peke yake yangeeleweka na wengi, lakini mama mzee aliyezoea kusema kwa lugha yake angerudishwa katika kiti cha mtazamaji, yaani pale pale Paukwa ilipotaka kumwondoa. Maonyesho ya Kikurya peke yake nayo yangewaacha nje Wajaluo na wageni wengine wa mji.

Mapokeo yenyewe yanaonyesha njia. Katika utambaji, masimulizi huweza kwenda kwa lugha moja na wimbo wa katikati ukabaki kwa lugha ulikozaliwa, wala hadithi isivunjike. Kiswahili kikiubeba mwendo wa kisa na lugha ya nyumbani ikaubeba wimbo, hakuna inayoiua nyingine. Hivyo basi thamani ya jaribio la Paukwa haipimwi kwa wingi wa vitabu vyake wala kwa umri wa kikundi. Hupimwa kwa kanuni iliyoiacha: kwamba onyesho halijaanza mpaka aliyeketi mbele amejibu, na amejibu kwa lugha anayoimiliki.